Mtazame aliye nyuma yako



Mpendwa msomaji, upepo wa kaskazi unapovuma pwani yetu, kati ya Desemba na Machi, joto huwa halina huruma. Mchana lami inatoa mvuke, shati linagandamana na mgongo, na hata mbwa wa mtaani anajua kwamba saa hiyo ni ya kutafuta kivuli. Wakati huohuo ndio watu wengi husafiri kwa makundi: wanafunzi wamerudi kutoka likizo, kwaya zinatembeleana, vyama vya kitume vinafanya hija kabla ya Kwaresima. Siku hizi kuna kundi jingine linalosafiri pamoja, nalo ni la vijana wa bodaboda. Utawaona Jumamosi au Jumapili, pikipiki ishirini au thelathini, wamefunga vitambaa vya rangi moja, wakienda kumzika mwenzao, kumsindikiza bwana harusi, au, kama nitakavyoeleza hapa, kuhiji.

Leo napenda tutafakari pamoja juu ya safari ya siku moja. Mwinjili Luka anatusimulia safari ya namna hiyo (Lk 2:41-52). Maria na Yosefu wanatoka Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka. Wako kwenye msafara mkubwa wa ndugu, jamaa na majirani. Wanatembea siku nzima. Jioni inapofika, wanapotafuta mahali pa kulala, ndipo wanagundua kwamba Mtoto hayupo. Mwinjili hasemi kwamba hawakumpenda, wala kwamba walikuwa wazembe. Anasema jambo dogo tu: walidhani yumo kwenye kundi. Siku nzima ilipita juu ya neno hilo moja, kudhani. Ikawabidi warudi, na siku ya tatu ndipo walipomwona hekaluni.

Ndugu yangu, kama Familia Takatifu ilimkosa Yesu kwa kudhani yumo, mimi na wewe ni nani hata tujiamini kwamba kila tunayedhani yumo, kweli yumo?

Kanisa na pikipiki

Wapo waamini wanaokunja uso wanaposikia Kanisa na bodaboda katika sentensi moja. Kwao bodaboda ni mhuni, ni mwizi wa simu, ni yule anayebeba mishikaki na kupita taa nyekundu. Wapo wa aina hiyo, sikatai. Lakini pikipiki na Kanisa vimefahamiana zamani.

Katika mji mdogo wa Castellazzo Bormida, kaskazini mwa Italia, kuna patakatifu pa Bikira Maria ambapo waendesha pikipiki hukusanyika kila mwaka mwezi wa Julai, wakati wa joto kali la kiangazi cha kwao. Mwaka 1947 Papa Pius XII alimtangaza Mama huyo kuwa msimamizi wa waendesha pikipiki. Mwezi wa Juni mwaka 2013 Papa Fransisko alibariki maelfu ya waendesha pikipiki waliofika uwanja wa Mtakatifu Petro. Alizawadiwa pikipiki ya Harley-Davidson, naye hakuiweka uani. Iliuzwa kwa mnada mjini Paris mwaka uliofuata, na fedha zikaenda kwa Caritas ya Roma kusaidia hosteli na jiko la maskini karibu na kituo cha treni cha Termini.

Na sisi Waafrika tuna sababu ya pekee. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte alianzisha nchini Ujerumani shirika la MIVA, baada ya rafiki yake mmisionari kufariki kusini mwa Afrika kwa kukosa usafiri wa kumfikisha hospitali kwa wakati. Tangu hapo shirika hilo limewapatia wamisionari na makatekista vyombo vya usafiri vya kila aina, pikipiki zikiwemo. Huko Austria, mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, waamini wenye magari hualikwa kutoa sadaka ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila kilomita waliyoendesha bila ajali. Ni fedha ndogo sana kwa kilomita moja. Lakini tazama wazo lenyewe: mimi nimefika salama, basi nimkumbuke ambaye bado hajafika.

Sheria ya kioo

Kuendesha pikipiki peke yako ni jambo moja, na kuendesha katika kundi ni jambo jingine kabisa. Mwenye uzoefu atakuambia kwamba msafara mzuri una mpangilio. Yupo kiongozi wa mbele, anayeijua njia na kupanga mwendo. Yupo wa mwisho, anayeufunga msafara, ambaye hapaswi kumpita mtu yeyote hata iweje. Huyu mara nyingi ni fundi, amebeba spana, pampu na viraka. Kati yao, pikipiki hazipangwi ubavu kwa ubavu, bali mmoja kushoto na anayefuata kulia, kwa kuachiana nafasi, ili mmoja akifunga breki ghafla mwingine asimpande. Wageni na wasio na uzoefu huwekwa karibu na kiongozi, wala hawaachwi mkiani. Wakiwa mkiani watakimbizana kuwafikia walio mbele, na hapo ndipo ajali hutokea.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ni hii: kila mtu anawajibika kwa aliye nyuma yake. Unamtazama kwenye kioo. Ukimwona, endelea. Usipomwona, punguza mwendo. Ukipunguza, aliye mbele yako atakuona kwenye kioo chake unabaki nyuma, naye atapunguza. Na aliye mbele yake vilevile. Kwa namna hiyo habari inasafiri kutoka mkiani hadi kichwani bila simu wala honi, na msafara mzima unasimama kwa sababu ya mtu mmoja.

Msomaji, umewahi kuzitazama vizuri pikipiki za mjini? Nyingi hazina vioo. Vijana huvifungua ili wapenye kwenye foleni kati ya daladala na lori. Kioo kinaongeza upana, wanasema, kinachelewesha. Nafikiri hapo pana fundisho kuhusu maisha yetu ya mjini: ili nipenye haraka, nimeona afadhali nisimwone aliye nyuma.

Njia ya kwenda Bagamoyo

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, waendesha bodaboda ishirini na wanne wa vijiwe vinavyozunguka parokia moja ya Dar es Salaam walifanya hija ya siku moja kwenda Bagamoyo, kilomita kama sabini hivi. Nami nilikuwa miongoni mwao, kwa pikipiki niliyozoea kuendea vigangoni. Wengi walikuwa Wakatoliki, wachache Walutheri, na wawili Waislamu waliosema kwamba hawawezi kuwaacha wenzao wa kijiweni waende peke yao. Mwenyekiti wa kijiwe kikubwa, baba wa watoto watatu, ndiye aliyeongoza. Alitoa sharti moja: asiye na vioo viwili haendi. Walicheka, lakini jioni ya Ijumaa fundi alifunga vioo mpaka taa za mtaa zikawaka.

Tulipanga kuondoka alfajiri, kabla ya jua. Tukaondoka saa nne, kwa sababu tulikuwa tukiwasubiri vijana watatu waliokwenda kwa matajiri wao kupeleka hesabu. Kwa wasomaji wasiojua, hesabu ni fedha ambayo kijana hupeleka kila siku kwa mwenye pikipiki. Akiipeleka bila kukosa kwa muda waliokubaliana, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, pikipiki inakuwa yake. Huo ndio wanaouita mkataba. Akikosa kosa, tajiri anaweza kuichukua, na jasho lote la miezi linapotea.

Kabla ya kuondoka tulisali, tukahesabiana kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi ishirini na nne.

Joto la pwani ni msafiri mdanganyifu. Ukiwa mwendoni upepo unakupiga usoni na kukausha jasho, nawe unajiona uko sawa. Hujui kwamba maji yanakutoka. Kichwa kiko ndani ya kofia ngumu, miguu iko karibu na injini, lami inarudisha moto juu. Na vijana wetu wana mazoea ya kuvaa jaketi zito, wakati mwingine mawili, kujikinga na upepo wa alfajiri. Jua linapopanda hawayavui. Hewa ya pwani nayo imejaa unyevu, hivyo ukisimama jasho halikauki, na mwili unashindwa kujipoza. Dalili huanza kidogo kidogo: kichwa kuuma, misuli kukaza, kichefuchefu, kizunguzungu. Anayezipuuza anaweza kufika mahali pa kuchanganyikiwa na kuzimia, na hapo ni suala la kufa na kupona.

Tulipita Bunju, tukapita Mapinga. Ilikuwa inakaribia saa sita. Kijana wa kumi na tisa kwenye mstari, wa miaka kama ishirini na miwili, dereva hodari kuliko wengi wetu, alianza kuyumba. Wa kumi na nane akamwona kwenye kioo akitoka kwenye mstari wake, akirudi, kisha hakumwona tena. Akapunguza. Wa kumi na saba akapunguza. Sikusikia honi wala simu. Nilichoona ni kioo changu kubaki kitupu, nami nikapunguza, na huko mbele kabisa mwenyekiti, ambaye hakuweza kuona lolote, akasimama.

Tuliporudi tulimkuta amelazwa chini ya mwembe. Yule wa mwisho, fundi wetu, alikuwa ameshamvua kofia na majaketi mawili. Alikuwa ametapika, ngozi imelowa, vinyweleo vimesimama kama mtu mwenye baridi. Mmoja wa wale Waislamu wawili alilowesha taulo na kumpangusa shingo na kwapa, mwingine alimpepea kwa kipande cha boksi. Mama mmoja muuza madafu aliyekuwa ng'ambo ya barabara alivuka na madafu mawili, akayakata, akamnywesha taratibu. Tulipomuuliza bei alisema, "Huyu si mteja, huyu ni mgonjwa." Msamaria mwema hana dini moja wala kabila moja, na siku hiyo alikuwa na panga la kukatia madafu.

Kisha pakatokea mabishano. Misa ilikuwa imepangwa saa sita, na mwenyeji wetu alikuwa anatungoja. Mmoja wetu, mtu mzima na mwenye nia njema, alisema: "Padre, wabaki watatu na mgonjwa, sisi wengine tuwahi Misa. Ibada ndiyo iliyotutoa nyumbani." Si hoja ya kudharau. Wapo waliotingisha kichwa kukubali. Nilimgeukia mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa safari. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Padre, tulihesabiana ishirini na nne. Tukifika ishirini, tutasemaje tumefika?"

Tukakaa chini ya mwembe.

Niliogopa mtaniacha

Kijana alilala kama dakika arobaini. Alipoamka akaweza kuzungumza, ndipo tukajua. Hakuwa amelala tangu Alhamisi. Usiku mzima wa Ijumaa alikuwa anabeba abiria mpaka saa kumi na moja alfajiri, apate hesabu ya Jumamosi, kwa sababu tajiri haitambui hija. Hakuwa amekula, wala hakuwa amekunywa maji. Alibakiza wiki sita kumaliza mkataba. Nilimuuliza kwa upole kwa nini hakusema asubuhi tulipokuwa tunahesabiana. Alitazama chini, akasema, "Niliogopa mtaniacha."

Wapendwa, neno hilo lilitunyamazisha wote. Tulikuwa naye kwenye mstari, namba yake ilisikika, kumi na tisa, kwa sauti kubwa. Lakini uchovu wake haukuhesabiwa, wala njaa yake, wala deni lake. Tulidhani yumo.

Nilimkumbuka nabii Eliya (1Fal 19:1-8). Naye alikimbia mwendo wa siku moja jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu akamtuma malaika. Tazama malaika alifanya nini. Hakumhubiria juu ya kukata tamaa, wala hakumkumbusha kwamba nabii anapaswa kuwa imara. Alimpa mkate uliookwa na mtungi wa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha mara ya pili ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Kuna nyakati ambapo mahubiri bora ni maji, kivuli na usingizi. Mlima wa Mungu utafuata baadaye.

Nilimkumbuka pia Yakobo (Mwa 33:12-14). Kaka yake Esau, mtu wa nguvu, alimwambia waende pamoja. Yakobo akamjibu kwamba watoto ni wachanga, na kondoo na ng'ombe wananyonyesha; wakiswagwa kwa nguvu hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Akaomba aende polepole, kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Wahenga wetu nao walisema mwenda pole hajikwai. Mwendo wa msafara haupimwi kwa mwenye pikipiki mpya, unapimwa kwa aliye dhaifu kuliko wote.

Tulipitia zahanati, wakampima na kumruhusu kuendelea akiwa abiria. Pikipiki yake iliendeshwa na mwenzetu mwenye leseni aliyekuwa amepakiwa. Tulifika saa nane, na Misa tukaiadhimisha saa tisa. Lugha yetu ya Kiswahili inahesabu saa kama Biblia inavyohesabu: saa sita ya Yohane, Yesu alipoketi kisimani amechoka kwa safari na kumwomba mwanamke Msamaria maji (Yn 4:6-7), ndiyo saa sita yetu ya mchana, jua likiwa utosini. Na saa tisa ni ile ambayo Bwana alikata roho msalabani. Tulisali saa hiyo, na tulikuwa ishirini na wanne.

Waliofika Bagamoyo kabla yetu

Bagamoyo si mahali pa kawaida kwa Mkristo wa Afrika Mashariki. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mpaka leo msalaba na majengo ya kale vinatukumbusha. Wengi hulieleza jina la mji huo kuwa ni kubwaga moyo. Kwa wapagazi waliotoka bara ilikuwa ni kutua mzigo na kupumzika. Kwa mtumwa aliyengoja jahazi ilikuwa ni kuacha moyo wake nyuma, kwa sababu mwili unakwenda asikokujua.

Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa David Livingstone, mwezi huohuo wa Februari, mwaka 1874. Alifariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wangeweza kumzika hapo na kurudi makwao, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi kama tisa, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, kwa miguu, kwa njaa na magonjwa, na baadhi yao walifia njiani. Walikuwa Waafrika maskini, wengine waliwahi kuwa watumwa. Ulimwengu unalikumbuka jina la aliyebebwa. Mimi nikifika Bagamoyo huwaombea waliobeba. Walikataa kumwacha nyuma mtu ambaye hata shukrani asingeweza kuwapa.

Nani hayupo kwenye kioo chako?

Mpendwa msomaji, huenda hujawahi kupanda pikipiki, na huna mpango. Lakini uko kwenye msafara. Familia ni msafara. Jumuiya Ndogo Ndogo ni msafara. Parokia ni msafara, na Kanisa zima ni taifa la Mungu lililo safarini. Swali ni moja: aliye nyuma yako unamwona?

Baba, unajua ada ya shule imelipwa, unajua chakula kipo. Je, unajua binti yako wa kidato cha tatu analia usiku kwa ajili gani? Unadhani yumo, kwa sababu viatu vyake viko mlangoni.

Mama, mume wako anarudi kila siku, anakula, analala. Amepunguza maneno tangu alipopunguzwa kazini. Unadhani yumo.

Viongozi wa Jumuiya, tunaandika kwenye daftari kiasi cha mchango, na kiasi cha zaka tunakijua hadi shilingi. Je, daftari letu lina ukurasa wa kuandika nani hakuja, na nani alikwenda kumwona? Yule mjane aliyekuwa akikaa karibu na mlango ana miezi mitatu hajaonekana. Wale wanandoa waliokosa kufunga ndoa kanisani kwa sababu ya gharama za sherehe wameacha hata kuja Misa, kwa aibu. Yule kijana aliyekuwa mtumikiaji altareni sasa yuko kijiweni. Tunawasema, hatuwatafuti.

Nasi mapadre haliko mbali nasi swali hili. Kiongozi wa mbele ana hatari yake: njia iko wazi mbele yake, upepo unampiga, anaona safari inakwenda vizuri. Asipotazama kioo atafika peke yake, na atashangaa.

Wapo watakaosema: nikimngoja kila mtu, nitafika lini? Ni kweli msafara hauwezi kusimama kila kilomita. Ndiyo maana yupo kiongozi, yupo wa mwisho, na kila mmoja ana mtu mmoja tu wa kumtazama. Hukuambiwa uwatazame wote ishirini na wanne. Uliambiwa umtazame mmoja. Mzigo wa upendo, ukigawanywa hivyo, unabebeka.

Neno kwa aliye nyuma

Sitakuwa mwaminifu nikimaliza bila kusema na wewe unayeyumba sasa hivi. Umefundishwa kujikaza. Mwanaume halii, mkristo hachoki, mtoto wa kwanza hasemi ana shida. Unapiga namba yako kwa sauti kubwa kila Jumapili, na wanaokusikia wanadhani uko imara. Ndugu yangu, kioo kinamwonyesha mwenzako pikipiki yako. Njaa yako hakiioni. Kuna mambo ambayo hatutayajua mpaka useme. Yesu mwenyewe, Mwana wa Mungu, aliketi kisimani saa sita akamwambia mwanamke asiyemjua kwamba anahitaji maji. Kama Yeye hakuona aibu, wewe unaona aibu ya nini? Nenda kwa paroko wako, kwa katekista, kwa mwenyekiti wa Jumuiya, kwa rafiki mmoja. Piga honi kabla hujaanguka.

Ninyi matajiri wenye pikipiki, wengi wenu mko nasi kanisani, mnakaa viti vya mbele. Hesabu ni haki yenu. Lakini Mungu aliyempa binadamu Sabato aliwakumbuka pia mtumishi, mgeni na punda (Kum 5:14). Mpeni kijana siku moja ya kupumzika kwa juma bila hesabu. Kijana aliyelala hutunza pikipiki yako, na hutunza abiria ambaye huenda ni mtoto wako.

Wiki hii nakuomba mambo matatu. Kwanza, chagua mtu mmoja ambaye hujamwona siku nyingi, katika ukoo au Jumuiya, umtembelee. Usimpigie simu tu, nenda. Pili, ukipanda bodaboda mchana wa jua kali, vaa kofia ngumu, usikubali mishikaki, na ukifika mwulize kijana kama amekunywa maji. Ukiweza, mpe chupa. Akionekana kuzidiwa na joto, mpeleke kivulini, mfungue nguo zilizombana, mlowesha na umpepee, umpe maji kidogo kidogo kama ana fahamu. Akichanganyikiwa au akizimia, usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali. Tatu, jioni kabla ya kulala, familia ikisali pamoja, tajaneni kwa majina. Aliyekosekana mezani atajwe pia, hata kama aliondoka kwa hasira.

Tumwombe Mama Maria, aliyeujua uchungu wa kumtafuta Mwanaye siku tatu, atufundishe kurudi nyuma bila kuona kwamba tunapoteza muda. Tumwombe Mtakatifu Kristofa awalinde wote walio barabarani. Na Bwana wetu Yesu Kristo, mchungaji anayewaacha tisini na tisa ili amtafute mmoja, atukute wote tukiwa tumekamilika.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.